Kufundisha Kiingereza Mtandaoni Nikiwa Wete

Saa ya Wete, Pemba, na saa ya Riyadh, Saudi Arabia, ni moja. Sisi tukiwa saa mbili za usiku, na wao wako saa mbili za usiku: watoto wameshakula, vyombo vimeoshwa, mama wa nyumba amepata nafasi ya kukaa. Jambo hilo limeniletea wanafunzi wengi kuliko cheti chochote nilichonacho. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu vijana wa Pemba na Unguja hunitumia ujumbe mara kwa mara, wengi wao wasichana waliomaliza chuo kikuu wakarudi kukaa nyumbani, wananiuliza: dada, hiyo kazi ya kufundisha Kiingereza mtandaoni unaipata wapi? Anayeuliza hivyo anangoja nimtajie kampuni. Mimi naona kampuni ni ya kutafutwa mwisho. La kwanza ni kujua nani anamhitaji mwalimu aliye kama wewe, na mtu huyo anapata nafasi saa ngapi.

Nimesomea ualimu Unguja, nikarudi kwetu Wete nikafundisha skuli ya binafsi, na jioni tusheni. Nilipojifungua mtoto wa pili, kutoka asubuhi na kurudi alasiri kukawa hakuwezekani tena. Mume wangu anafanya kazi Unguja, huja mwisho wa mwezi. Nikaanza kutafuta kazi ya kufanyia nyumbani.

Matangazo ni mengi, na mengi yao hayatuhusu. Utakuta wanataka mwalimu mwenye pasipoti ya Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand au Afrika Kusini. Nchi saba hizo, basi. Huulizwi umesoma wapi wala unafundishaje. Fomu inagota pale pale kwenye uraia. Wengine hawasemi wazi, wanaandika tu kwamba wanataka mzawa wa lugha, na ukituma maombi hujibiwi. Niliumia sana wakati ule, na hadi leo naona ni dhulma, maana kuzaliwa na lugha ni jambo moja na kujua kuifundisha ni jambo jingine kabisa. Nani kati yetu angeweza kumweleza mgeni ngeli za Kiswahili kwa sababu tu amezaliwa Pemba?

Kuna jingine linalowapotezea vijana muda. Video na maelezo mengi yaliyopo yanasifu kampuni za kufundisha watoto wa Kichina. Mambo yalikuwa hivyo mpaka Julai 2021, serikali ya China ilipotoa sera ya kuwapunguzia wanafunzi mzigo wa masomo, na ndani yake ikapiga marufuku kutumia walimu wa kigeni walioko nje ya China kuwafundisha watoto wa skuli. Kampuni kubwa zikaifunga kazi hiyo, na walimu kwa maelfu, Wamarekani na Waingereza, wakaingia kwenye majukwaa mengine kutafuta wanafunzi. Ukikutana na ushauri wa aina hiyo, tazama kwanza umeandikwa lini.

Watu wenye nia njema walinishauri nijifanye. Nitafute jina la Kizungu, niseme niko London, niigize matamshi ya kwenye filamu, na kuna programu za kuficha mahali ulipo. Nilikataa, na yeyote anayeniuliza namkataza. Kwanza ni uongo, na riziki ya uongo siitaki iingie kwenye chungu cha watoto wangu. Pili, mwanafunzi atakaa na wewe uso kwa uso kila wiki. Adhana ya msikiti wa jirani itaingia katikati ya somo, jogoo atawika, mvua ya masika itapiga bati. Utamwambia uko London ya wapi? Mtu anayejifunza lugha anakuwa kama mtoto mbele ya mwalimu wake, anakosea, anaona haya. Akigundua kwamba mwalimu mwenyewe alimdanganya tangu jina, hana sababu ya kukuamini hata unapomsahihisha.

Majukwaa kama Preply na italki yana utaratibu mwingine. Mwalimu hujiandikia ukurasa wake, anaweka bei yake na saa zake, na mwanafunzi ndiye anayechagua. italki hufungua na kufunga maombi ya walimu wa Kiingereza kulingana na idadi waliyonayo, kwa hivyo ukikuta pamefungwa rudi baadaye. Kinachokusemea ni video ya utambulisho ya dakika moja au mbili, na hapo ndipo nawaomba watu wakae wafikirie kabla ya kubonyeza chochote. Yangu niliirekodi asubuhi, nimekaa mkabala na dirisha ili mwanga unipige usoni, nyuma yangu ukuta mtupu, kichwani mtandio wangu wa kila siku. Nikasema natoka kisiwa cha Pemba, Zanzibar. Lugha yangu ni Kiswahili, Kiarabu nilikianza chuo cha Kurani nikiwa mdogo, na Kiingereza nimekipata skuli, kwa daftari na kamusi. Nikasema najua kinapouma kwa sababu kimeniuma mimi mwenyewe. Nikasema nafundisha wanawake wanaotaka kuzungumza bila ya kuona haya.

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifungulia. Mwanafunzi wangu wa kwanza wa kudumu alikuwa mfamasia wa Jeddah. Akamleta dada yake, dada akamleta mfanyakazi mwenzake, na hivyo hivyo. Saudi Arabia ilitangaza Dira yake ya 2030 mwaka 2016, na tangu hapo wanawake wengi wameingia maofisini, hospitalini, mahotelini. Juni 2018 wakaruhusiwa kuendesha gari. Kazi nyingi kati ya hizo zina usaili wa Kiingereza. Wengi wa wanaokuja kwangu wanataka mwalimu mwanamke, na baadhi yao hawafungui kamera mpaka waniamini, wengine hawafungui kabisa. Kwangu hilo si tatizo. Naelewa bila ya kuelezwa. Tunaanza kwa salamu tunayoijua sote, Ramadhani tunafunga pamoja, na mmoja akisema anakwenda kuswali mara moja hana haja ya kuomba radhi. Mwalimu wa Kanada mwenye vyeti vitatu anaweza kuwa mzuri kuliko mimi kwa mambo mengi, lakini hilo hanalo.

Nieleze kidogo tunachokifanya ndani ya somo, maana wengi wanadhani ni kupiga soga tu. Kiarabu hakina sauti ya p. Yule mfamasia alikuwa anasema Banadol kutwa nzima, na Kiarabu chenyewe huiandika hivyo hivyo, kwa b. Kumwambia sema p, sema p, hakumsaidii, kwa sababu sikio lake halisikii tofauti. Nilimwambia achukue tishu, achane kipande chembamba, akishike kwa vidole viwili mbele ya midomo. Ukitamka b karatasi inatulia. Ukitamka p ya Kiingereza mwanzoni mwa neno inaruka. Akakaa anaitazama ile karatasi, anatamka, haitikisiki; anatamka, haitikisiki; halafu ikaruka. Alipiga kelele mpaka mwanawe akaja kuangalia kuna nini. Kuanzia siku ile alikuwa na kitu cha kujipima mwenyewe jikoni kwake bila ya mimi kuwepo.

Kisha kuna mambo ya muundo. Kiarabu kina al- yake, kwa hivyo Msaudia huitia "the" hata pasipohitajika, na kwa sababu Kiarabu cha wakati uliopo hakihitaji kitenzi cha kuunganisha, atasema "I teacher" akaona sentensi imekamilika. Mjapani ni kinyume: lugha yake haina "a" wala "the", kama sisi tusivyokuwa nazo, na anazidondosha zote. Mimi nilijifunza lini uweke hiki na lini uweke kile nikiwa na daftari, kanuni baada ya kanuni, na daftari lile bado ninalo. Mzungu huzitia bila ya kufikiri, na ukimuuliza kwa nini, mara nyingi atakwambia inasikika vizuri tu. Mwanafunzi aliyelipa pesa yake hatoki na kitu hapo. Vijana wetu wanaoogopa kwamba Kiingereza chao ni cha kusomea, wajue kwamba hicho cha kusomea ndicho kinachoweza kuelezeka. Ila kiwe kizuri kweli. Pima kiwango chako. EF SET ni mtihani wa bure mtandaoni, unakupa daraja kuanzia A1, ya chini kabisa, mpaka C2, ya juu kabisa. Ukiwa chini ya C1, kaa usome kwanza, usichukue pesa ya mtu.

Kuhusu vyeti, sitarefusha. Majukwaa mengi hupenda kuona cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni cha saa 120, na vya bei nafuu vinapatikana kwa mtandao. Kinakusaidia ukurasa wako kupita. CELTA ya Cambridge ni kitu kingine: ndani yake kuna saa 6 za kufundisha wanafunzi wa kweli mbele ya mkufunzi, na bei yake kwa mshahara wa mwalimu wa huku ni mlima. Niliyoyajua ya kufundisha nimeyapata kwenye darasa la watoto hamsini pale Wete, si kwenye cheti cha mtandaoni. Na yeyote anayekutaka utume pesa za usajili kwa simu ili akupatie wanafunzi wa nje, huyo ni mwizi, mwache.

Sasa saa. Jukwaa linakuonyesha saa kwa mtindo wa Kizungu, wanafunzi wako nchi mbalimbali, na sisi tunasoma saa kwa Kiswahili. Wajapani wako mbele yetu saa sita, na hapo pana neema: saa yetu ya Kiswahili inalingana na saa ya ukutani ya Tokyo. Kwetu saa tisa alasiri, kwao ni saa 9 usiku kwa hesabu yao. Kwetu saa saba mchana, kwao saa 7 jioni, mtu ametoka kazini. Kwa hivyo nikimaliza kuswali adhuhuri nafungua kwa Wajapani mpaka saa kumi, nafunga kwa ajili ya watoto, kisha baada ya Isha nafungua kwa Saudia. Brazil nimeiacha, ingawa Wabrazili ni wachangamfu na wanapenda kusoma, kwa sababu saa 7 ya jioni São Paulo ni saa saba za usiku kwetu. Mwanamke mwenye mtoto mchanga hawezi kuishi hivyo. Ramadhani Saudia hugeuza usiku kuwa mchana, wananiomba masomo saa sita na saa saba za usiku mpaka karibu na daku, na mwezi huo hukubali, kwani na sisi tuko macho. Wiki yao ya kazi huanza Jumapili, wanapumzika Ijumaa na Jumamosi. Hayo yote uyajue kabla ya kuweka ratiba yako.

Jambo lililonitesa kuliko yote ni jina. Sisi tuna majina matatu: langu, la baba, la babu. Fomu ya nje inataka jina la ukoo. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Hamisi kwa babu, pasipoti inasema Khamis, na benki waliandika majina mawili tu. Mtaani jina hilo ni moja, kila mtu Wete anajua. Kwenye mfumo wa malipo ni watu watatu. Malipo ya mwanzo yalizuiliwa mpaka nilipopeleka hati za kuthibitisha, nikaenda benki kubadilisha, nikarudi tena, mtoto mgongoni. Kwa hivyo kabla hujafungua ukurasa wowote, weka pasipoti, kitambulisho na akaunti ya benki mezani, na ulinganishe herufi kwa herufi. Huduma mojawapo maarufu ya malipo nilipoifungua ilinikubalia kulipa tu, si kupokea. Nikatumia Payoneer, inapokea dola kutoka kwenye majukwaa hayo kisha nazihamishia benki. Kila hatua ina makato yake, kwa hivyo sihamishi kidogo kidogo.

Na pesa yenyewe ni kiasi gani? Nitasema wazi, kwa sababu wanaotangaza kazi hizi wanataja utajiri. Preply huchukua malipo yote ya somo la majaribio la kila mwanafunzi mpya, kisha asilimia 33 ya kila somo, na asilimia hiyo hushuka kadiri saa zako zinavyoongezeka mpaka kufikia 18. italki inakata asilimia 15. Nilianza kwa dola 6 kwa saa. Ukiondoa theluthi yao, mkononi inabaki kama dola 4. Ongeza nusu saa ya kutayarisha somo ambayo hakuna anayekulipa. Miezi ya mwanzo nilipata chini ya mshahara wangu wa skuli. Baadaye, wanafunzi walipokuwa wa kudumu na bei ikapanda, nikaupita. Mwezi wa nane wengi wanasafiri, na hapo mapato hushuka. Anayetaka kuacha kazi ya mshahara, asiiache mpaka awe na wanafunzi wanaorudi wiki hadi wiki.

Umeme na mtandao ndivyo vinavyotutofautisha na mwalimu wa Manila au Cape Town. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa kebo iliyopita chini ya bahari kutoka Tanga; kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha, na waliokuwa wakubwa wakati ule wanajua tumetoka wapi. Lakini bado unakatika. Mita zetu za TUKUZA nazo, za kulipia umeme kabla, uniti zikiisha katikati ya somo, giza. Kwa hivyo kila jioni naangalia uniti kwanza kama ninavyoangalia udhu wangu kabla ya swala. Laptopu yenye betri nzima, taa ya sola, pawabenki ya kuchaji ruta, na laini mbili za kampuni tofauti, kwa sababu zote mbili hazilali siku moja. Saa moja ya video ya watu wawili inaweza kula kati ya nusu GB na GB moja na nusu ya bando, kutegemea ubora wa picha. Mwanafunzi asiyefungua kamera anakupunguzia gharama pia.

Siku moja laini zililala zote mbili. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za mtandao zinazopita baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao ukapwaya Tanzania nzima. Ilikuwa Jumapili, siku ya kwanza ya kazi kwa Wasaudia, na usiku ule nilikuwa na masomo yaliyofuatana. Picha haikupita, sauti haikupita. Ujumbe wa maandishi ulipita kwa kusuasua. Nikawaandikia kila mmoja kilichotokea, nikawatumia zoezi la kuandika, nikawaambia nitawasahihishia mtandao ukirudi. Hakuna aliyeniacha. Yule mfamasia aliandika insha ndefu kuliko zote alizowahi kuniandikia. Tangu hapo kila mwanafunzi wangu ana mazoezi ya akiba kwake, na anajua nikipotea ghafla afanye ukurasa gani.

Nyumbani ilichukua muda kueleweka. Ami yangu alikuja siku moja alasiri akanikuta chumbani na hedifoni, nacheka na Mjapani wa Osaka. Akangoja nimalize.

"Shikamoo ami."

"Marhaba mwanangu. Unasema na nani humo ndani kutwa?"

Nikamweleza. Akauliza, "Na hao wanaokulipa, hujawaona hata siku moja?" Nikamwambia nawaona kwenye kioo, ami, na wao wananiona. Akafikiri, akasema baba yake alikuwa akiuza karafuu kwa watu asiowajua vilevile, ilimradi mzani uwe wa haki. Tangu siku ile akifika nikiwa ndani ya somo anakaa ukumbini na wajukuu, hawapigi kelele. Hilo la kelele si dogo. Wasichana wengi wanaoniuliza wana Kiingereza kizuri kunishinda, lakini hawana chumba cha kufunga mlango, na ndugu na majirani wanaona mtu aliye nyumbani hana kazi, anaweza kutumwa wakati wowote.

Wapo wanne sasa ninaokaa nao Jumamosi asubuhi, bure, baada ya kumaliza kazi za nyumba. Mmoja anataka wanafunzi wa Oman, kwa sababu ana jamaa Muscat na anaijua lafudhi yao. Wako mbele yetu saa moja tu. Mwingine amesomea utalii, anataka kufundisha wafanyakazi wa mahoteli. Bado tunalinganisha majina kwenye pasipoti zao. Tunachokitafuta Wete ni chumba kimoja chenye mtandao wa uhakika, betri ya sola na vibanda vitatu vinne vya kukaa mtu na hedifoni yake, kwa kukodi kwa saa. Tumeshazungumza na mwenye nyumba mmoja karibu na soko, na anayejua kufunga sola kwa bei ya kuvumilika aniandikie.